Sura ya Sita: Gololi Iliyorudi

Babu alitoa kikopo cha ugoro kwenye mfuko wa koti, akakigonga mara mbili kwa ukucha wa dole gumba, akakifungua. Nilidhani ananikaribisha. Ndani hamkuwa na ugoro. Mlikuwa na pamba, na katikati ya pamba gololi moja ya baiskeli.

"Ishike," aliniambia. "Itazame, halafu uniambie umeona nini."

Tulikuwa tumekaa chini ya mkorosho nyuma ya nyumba yake, Fukayosi, si mbali na lami inayotoka Bagamoyo kwenda Msata. Niliizungusha ile gololi kati ya vidole, nikaisogeza kwenye mwanga. Ukiacha doa dogo la kutu, ilikuwa mviringo kamili, laini, nzito kwa umbo lake.

"Sijaona kitu, Babu. Ni gololi nzima."

"Hapo hapo. Ni nzima. Imetoka kwenye gobore la marehemu baba, imegonga chuma, imerudi, imeingia kwenye shavu la mdogo wangu, daktari akaitoa. Safari yote hiyo, na bado nzima. Ukiitia kwenye gurudumu la baiskeli leo, itazunguka."

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nguruwe pori walikuwa wakifukua mihogo na nyani wakimaliza mahindi, na kijana aliyetaka kulala kwenye dungu kulinda shamba ilibidi kwanza ajue kulenga. Babu, wakati huo kijana wa miaka ishirini na kitu, alichukua sahani ya haro iliyotupwa na trekta bovu, akaifunga kwa waya kwenye tawi la mkorosho, ule ubonyeo wa sahani ukimtazama yeye. Akahesabu hatua 12. Akashindilia baruti, kitambaa, kisha gololi, kwa sababu risasi za kununua zilikuwa adimu na gololi za baiskeli mbovu hazikuwa na gharama. Mdogo wake, wa miaka 14, alikaa kitako upande wa kulia, hatua mbili nyuma ya kaka yake, mahali ambapo mtu yeyote angesema ni salama.

Mlio wa gobore ulifuatwa na mlio wa sahani, mrefu kama wa kengele ya shule. Babu alifurahi, alijua amepata. Ndipo mdogo wake aliposema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kaka, nimeumwa na nyuki." Alipoondoa kiganja usoni, damu ilikuwa imefika kwenye kidevu. Jeraha lilikuwa chini ya jicho la kushoto, na kati ya jeraha na jicho palikuwa na nafasi ya kulaza kidole kimoja.

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa ya Babu, na majina nimeyaacha kwa ombi lake. Nimekiweka mwanzoni mwa sura hii kwa sababu kinabeba karibu kila kosa ambalo mtu anaweza kulifanya mbele ya shabaha ya chuma: chuma cha umbo baya, kilichofungwa vibaya, kilichopigwa kwa karibu, kwa kitu kisichofaa, bila kinga ya macho, huku mtu mwingine amekaa karibu bila kitu cha kumkinga. Makosa sita katika mlio mmoja. Na aliyeyalipia hakuwa ameshika bunduki.

Upande wa huku

Mtu yeyote anayefundishwa bunduki vizuri, awe askari, mlinzi, mgambo au mmiliki mwenye leseni, hufundishwa mambo manne kabla ya kugusa risasi. Hesabu kila bunduki kuwa ina risasi. Usiuelekeze mtutu kwa kitu usichotaka kukiharibu. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka macho yawe kwenye shabaha. Jua shabaha yako, na jua kilicho nyuma yake.

Kanuni hizo nne zimeokoa watu wengi. Lakini zote hutazama mbele, kana kwamba risasi inajua njia moja tu. Kwa karatasi iliyobandikwa kwenye ubao, hilo linatosha: risasi hupenya, huingia kwenye tuta la udongo, hulala. Kwa chuma, haitoshi. Chuma hakipenyezi; hurudisha. Kwa hiyo mpigaji wa shabaha za chuma anahitaji kanuni ya tano: jua kilicho upande wa huku. Wazee walikwisha kusema kwamba mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Tofauti ya risasi ni kwamba maumivu yanaweza kumpata aliyesimama pembeni.

Kama ni hivyo, kwa nini watu hupiga chuma? Kwa sababu chuma hujibu papo hapo. Shabaha ya karatasi hukulazimu usitishe ufyatuaji, utembee, uhesabu matundu. Chuma hulia, na kwa mlio huo mpigaji anajua amepata, mkono na jicho vinajifunza pamoja. Ndiyo maana sahani za chuma zimekuwa sehemu ya mchezo wa shabaha tangu shirikisho la kimataifa la IPSC lilipoundwa mwaka 1976 huko Columbia, Missouri, nchini Marekani, chini ya uongozi wa Jeff Cooper. Na mchezo huo haukubaki ughaibuni. Jirani zetu wa Kenya wana uwanja wa Kirigiti, Kiambu, ambako wamiliki wa bastola hukutana kushindana. Chuma kikitumiwa ipasavyo ni mwalimu mzuri. Sura hii inaeleza huko kutumia ipasavyo ni kufanya nini.

Risasi ni jina la vitu viwili

Ukitaka kuelewa kinachotokea risasi inapogonga chuma, anzia pwani. Nenda soko la samaki la Bagamoyo asubuhi, uwatazame wavuvi wanaotengeneza nyavu. Utamwona mtu ameshika kamba ya chini ya wavu, na pembeni yake vipande vya metali ya kijivu. Anakizungushia kipande kwenye kamba, anakibana kwa koleo, wakati mwingine kwa meno, kinakubali. Muulize ni nini hicho. Atakujibu: risasi.

Lugha yetu imekiita kwa jina moja kile kinachozamisha wavu na kile kinachotoka kwenye mtutu, na imefanya haki, kwa kuwa ni metali ileile. Risasi ni nzito na ni laini. Inayeyuka kwenye nyuzijoto 327 tu, ndiyo maana mtu anaweza kuiyeyusha kwa moto wa mkaa. Risasi nyingi za bastola ni kiini cha metali hiyo kilichovikwa koti jembamba la shaba.

Sasa chukua risasi ya bastola ya milimita 9. Ina uzito wa gramu 8 hivi na inatoka kwenye mtutu kwa kasi ya kama mita 350 kwa sekunde. Ikigonga sahani ngumu, bapa na isiyo na shimo, metali laini haina pa kwenda. Inafanya kama yai lililorushwa ukutani: inatawanyika pande zote kuufuata uso wa ukuta. Koti la shaba linachanika vipande vyenye makali, kiini kinakuwa matone na vumbi, na karibu vyote huruka vikiambaa na uso wa sahani, juu, chini, kushoto na kulia, katika ukanda mwembamba wa digrii 20 hivi kutoka kwenye uso huo. Nguvu ya risasi haikupotea. Imegawanyika na kugeuka njia. Mtu aliyesimama mbele ya sahani kwa umbali wa kutosha yuko nje ya ukanda huo. Aliyesimama sambamba na sahani, hata mita kadhaa pembeni, yumo ndani yake.

Gololi ya baiskeli ni kisa kingine kabisa. Gololi ni chuma kigumu kilichokusudiwa kubeba uzito bila kubonyea. Ikikutana na chuma kigumu mwenzake, hakuna kinachokubali kupasuka. Inadunda, kama kitenesi kwenye sakafu, ikibaki na sehemu kubwa ya kasi iliyokuja nayo. Hiyo ndiyo maana ya gololi nzima ndani ya kikopo cha ugoro. Umbo lake safi ni ushahidi kwamba nguvu yake haikuishia kwenye sahani. Iliishia kwenye shavu la mtoto. Vipande vya nondo, ambavyo watengenezaji wa magobore huvikata na kuvishindilia, vina tabia hiyohiyo, na vibaya zaidi kwa sababu havina umbo la kutabirika.

Maboksi ya sabuni

Niliwahi kuona somo hili likifundishwa bila maneno mengi. Mkufunzi mmoja, kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa kisheria, alichukua maboksi mawili matupu ya sabuni akayasimamisha, moja kulia na moja kushoto mwa sahani ya chuma, hatua moja tu kutoka kwenye ukingo wake. Alitupanga sote nyuma ya mstari, akahakikisha kila mtu amevaa miwani na vizibo vya masikio. Kisha akapiga risasi 5 za bastola katikati ya sahani, taratibu, moja baada ya moja.

Tulipoitwa kwenda kutazama, maboksi yalikuwa yamesimama vilevile. Sehemu ya mbele na ya nyuma ya kila boksi haikuguswa. Lakini usawa wa uso wa sahani, kila boksi lilikuwa limekatwa mstari wa wima, mwembamba, wenye kingo zilizochanika, kana kwamba mtu amepitisha msumeno butu. Niliingiza kidole kwenye ule mstari. Kwa ndani, karatasi ngumu ilikuwa imejaa punje za kijivu, nyingine ndogo kuliko chembe ya chumvi, na kipande kimoja cha shaba kilichojikunja kama ganda la ufuta.

Mkufunzi hakutoa hotuba. Alilichukua boksi, akalishika usawa wa uso wake, ule mstari ukipita machoni, akatutazama. Tangu siku hiyo sijapata kusimama pembeni ya sahani mtu anapolenga.

Sahani yenyewe

Chuma cha shabaha kinahitaji sifa tatu: kiwe kigumu, kiwe bapa, kiwe kimeinama.

Kiwe kigumu. Ugumu wa metali hupimwa kwa kipimo kiitwacho Brinell. Chuma cha kawaida cha fundi wa mageti kina kama 120 hadi 150. Chuma maalumu cha shabaha, kile kinachouzwa kwa alama ya AR500, kina takribani 500. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama risasi itatawanyika au itachimba. Risasi ya bunduki ya kijeshi ikipiga chuma laini, hufukua kishimo chenye ukingo ulioinuka, kama kisahani cha chai. Risasi ya pili ikiingia kwenye kisahani hicho, haiwezi tena kuambaa na uso. Inafuata umbo la shimo, na shimo linamtazama mpigaji. Ndiyo maana kipande cha chesesi ya gari, mfuniko wa pipa, rimu au bamba la geti si shabaha. Na mtungi wa gesi, hata mtupu, usiufikirie hata kidogo.

Fundi akikata chuma kigumu kwa moto wa gesi, ajue kwamba joto hulainisha eneo lililo karibu na mkato. Sahani inaonekana ileile kwa macho, lakini ukingo wake umepoteza ugumu. Vivyo hivyo kwa kuchomelea vyuma vya kuning'inizia upande wa mbele. Na bolti zenye vichwa vilivyochomoza kwenye uso ni hatari nyingine: risasi ikipiga kichwa cha bolti, hakuna ajuaye itakwenda wapi.

Kiwe bapa. Hapa ndipo sahani ya haro ilipomponza Babu. Sahani ya haro ni ngumu, kwa kuwa inatengenezwa kuhimili mawe ya shambani, lakini imebonyea kama bakuli. Bakuli lililogeuziwa mpigaji hukusanya kinachogonga na kukielekeza kule kilikotoka, kama kioo cha kurunzi kinavyoukusanya mwanga. Kabla ya kila kipindi cha kulenga, kagua sahani kwa jicho na kwa kiganja. Ikiwa na kishimo, ufa, au imepinda, iondoe. Usiseme ni kishimo kidogo. Kishimo kidogo kinatosha kurudisha kipande kidogo, na jicho halihitaji kipande kikubwa.

Kiwe kimeinama. Sahani isisimame wima ikikutazama ana kwa ana. Iinamishwe mbele, kichwa chake kikisogea upande wa mpigaji, kwa digrii kama 20. Hivyo sehemu kubwa ya vipande huelekezwa chini, kwenye mchanga. Sahani iliyofungwa kwa waya mmoja na kuachwa ibembee haina pembe inayotabirika: risasi ya kwanza inaisukuma nyuma, na ya pili inaikuta imetazama juu. Ifungwe kwa minyororo miwili, kwa namna ambayo inaweza kutikisika lakini ikatulia tena ikiwa imeinama mbele. Na ardhi iliyo chini ya sahani iwe mchanga au udongo laini. Sisi wa pwani tuna mawe ya matumbawe kila mahali. Risasi iliyokosa sahani ikapiga jiwe ni hatari kuliko iliyopata.

Hatua ngapi?

Babu alisimama hatua 12. Kwa bastola inayotumia risasi laini, na sahani nzuri, umbali huo ungeweza kuwa halali. Kanuni za IPSC kwa bastola zinasema mshindani na waamuzi wasiwe karibu zaidi ya mita 7 na shabaha ya chuma wakati inapigwa, na anayekiuka kwa kufyatua akiwa ndani ya umbali huo huondolewa mashindanoni. Watengenezaji wengi wa sahani hizo hushauri zaidi kidogo, yadi 10, ambazo ni mita 9 na ushee. Ukinisikiliza mimi, chukua umbali mkubwa na uongeze. Mita hazilipiwi.

Kwa bunduki ndefu hesabu inabadilika kabisa, kwa sababu ya kasi. SMG ya milimita 7.62, ambayo kila mtu nchini ameiona begani mwa askari, hutoa risasi ya gramu karibu 8 kwa kasi ya mita 700 na zaidi kwa sekunde. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Ile bastola ilikuwa inabeba nguvu ya kama jouli 500. Bunduki hii inabeba kama 2,000. Ushauri wa kawaida wa watengenezaji kwa risasi za bunduki ndefu ni yadi 100, yaani mita 91, na hapo ni kwa sahani ngumu tu. Bunduki zinazofyatua kwa kasi ya zaidi ya mita 900 kwa sekunde huweza kuchimba hata chuma cha shabaha zikipigwa kwa karibu. Mtu anayepiga bamba la geti kwa bunduki ya kijeshi kutoka hatua 30 hafanyi mazoezi. Anacheza kamari na uso wake.

Umbali pia ni wa wale wasiopiga. Wote wakae nyuma ya mstari wa mpigaji, si sambamba naye, wala si kwenye kivuli kizuri kilichoko pembeni kati yake na sahani. Na nyuma ya sahani pawe na tuta la udongo lililo juu na pana, kwa sababu risasi iliyokosa kila kitu inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 2. Katika vijiji vyetu, ndani ya kilomita 2 kuna shule, kisima, shamba la mtu na mfugaji na ng'ombe wake.

Sumaku ya spika

Kitendo cha Babu kushindilia gololi wengi watakiona cha kizamani. Lakini kosa lake linajirudia leo kwa sura nyingine. Risasi nyingi za kijeshi za milimita 7.62 za aina ya SMG zina kiini cha chuma ndani ya koti lake. Kwa nje zina rangi nzuri ya shaba. Kwa ndani zimebeba kitu cha ukoo wa ile gololi. Zikipiga sahani, huichimba au hudunda, na hazivunjiki kama risasi laini.

Njia rahisi ya kuzitambua ni sumaku. Chukua sumaku ya spika iliyokufa, isogeze kwenye ncha ya risasi, si kwenye ganda, kwa kuwa maganda mengine yenyewe ni ya chuma. Ncha ikinata, usiipige kwenye sahani. Inawezekana ni koti tu lenye chuma na kiini ni laini, lakini huwezi kujua bila kuipasua, na huna sababu ya kujaribu kujua kwa kutumia uso wako. Kwa bunduki ya marisau, marisau madogo ya risasi laini ndiyo yanayovumilika kwenye chuma, nayo kwa umbali. Marisau ya chuma kamwe.

Jicho, sikio, mkono

Hata ukifanya yote hayo, kuna kipande kimoja kitakachotafuta njia yake. Kwa ajili ya hicho kimoja, kila mtu aliyepo, apigaye na atazamaye, avae miwani ya kinga inayofunika na pembeni. Miwani ya jua ya mnadani si kinga. Kioo chake hupasuka na kuongeza vipande. Mtoto aliyekuja kutazama naye avae, na kama hakuna miwani yake, aondoke. Yule kijana wa Fukayosi aliokolewa na upana wa kidole. Upana wa kidole si mpango wa usalama.

Masikio nayo. Mlio wa bunduki huvuka desibeli 140, kiwango ambacho mlio mmoja tu unaweza kuanza kuharibu usikivu, na kilichoharibika humo hakirudi. Walinzi wengi waliozeeka kazini wanasikia kengele isiyokuwapo usiku kucha.

Na mikono. Risasi ni sumu, na inapotawanyika kwenye chuma huwa vumbi linalokaa kwenye nguo, vidole na udongo. Ukimaliza, nawa kwa maji na sabuni kabla ya kula, kuvuta sigara au kumbeba mtoto. Nguo zifuliwe peke yake. Watoto wasichezee mchanga ulio chini ya sahani, na vipande vya kijivu vilivyodondoka visiokotwe kuyeyushiwa jikoni, hata kama mvuvi atavinunua. Moshi wa risasi ndani ya jiko la familia ni madhara ya polepole, na anayeumia zaidi ni aliye mdogo kuliko wote.

Kilichobaki ardhini

Bagamoyo na jirani yake Chalinze zinaishi na milio ya bunduki kuliko maeneo mengi. Mapinga kuna kituo cha mafunzo cha jeshi, na ukiifuata barabara ya Fukayosi mpaka mwisho, Msata, uko karibu na Kihangaiko, ambako vijana wanaoingia JWTZ hupata mafunzo ya awali. Hiyo ni fahari ya nchi. Lakini kwa wanakijiji inaleta wajibu mmoja: tangazo la mazoezi likitolewa, liheshimiwe mpaka limalizike, na kisichojulikana kilichokutwa porini kisiguswe.

Biashara ya vyuma chakavu imewafundisha watoto wetu kuona bei kwenye kila kipande cha metali. Novemba 8, 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga, wilayani Ngara, mwanafunzi alifika na kitu alichokiokota akidhani ni chuma cha kuuza. Lilikuwa bomu la kutupwa kwa mkono. Lililipuka, na wanafunzi 5 walipoteza maisha. Hakuna mizani ya chuma chakavu inayoweza kulipa hilo. Mfundishe mtoto maneno matatu, ayajue kama anavyojua jina lake: usiguse, rudi, sema. Ataarifiwe mwalimu, mwenyekiti wa kijiji au polisi, na mahali pawekewe alama kwa mbali.

Sheria nayo iko wazi. Sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya zamani, inataka kila silaha iwe na kibali na kila mmiliki aiwajibikie. Gobore la kurithi halina msamaha kwa sababu ya urithi. Mwaka 2022 Serikali iliwapa watu muda wa kusalimisha silaha haramu kwa hiari bila kushtakiwa, na Babu alilipeleka gobore la baba yake polisi, limefungwa kwenye gunia. Aliniambia alitembea mwepesi wakati wa kurudi. Anayetaka kulenga leo, akiwa na silaha halali, atafute uwanja ulioruhusiwa wenye msimamizi. Mkorosho wa nyuma ya nyumba si uwanja.

Chini ya mkorosho

Sahani ya haro bado ipo. Babu aliishusha siku ileile ya ajali, ikalala nyuma ya nyumba miaka mingi, kisha akaining'iniza tena, safari hii ubonyeo wake ukitazama shina la mti. Hupigwa kwa nyundo watu wanapoitwa mkutanoni. Kwenye ubonyeo, ukipapasa, kuna alama moja ndogo, ya upana wa ncha ya kidole. Gololi haikuacha zaidi ya hapo.

Nilimwomba anionyeshe alipokuwa amesimama. Tukahesabu pamoja hatua 12 kutoka kwenye tawi. Kisha akanionyesha alipokuwa amekaa mdogo wake: kulia, hatua mbili nyuma. Palikuwa na kivuli kizuri. Nami ningekaa hapo.

Tulipokuwa tunazungumza, mjukuu wake wa kiume, wa miaka saba au minane, alikuja mbio kutoka uani kusikiliza, akasimama mahali palepale kwenye kivuli, mikono nyuma, macho kwenye sahani. Hapakuwa na bunduki. Gobore lilikwisha ondoka, na hakuna aliyekuwa na nia ya kupiga chochote. Babu alikatiza maneno yake, akamshika mtoto bega, akamvuta taratibu mpaka nyuma ya shina la mkorosho, kisha akaendelea kunisimulia.